Mstari Ulioachwa Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi. Naandika tena kwa herufi kubwa nione inavyokaa: NIMEPATA KAZI. Mwandishi wa miongozo, ofisi ya Vivian, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri, hapa Busia. Dirisha langu linatazama uwanja wa malori. Nina meza, nina kiti kinachozunguka, na tayari nimeanguka nacho mara moja.

Habari hii imfikie mama mkwe haraka. Mke wangu Trizah yuko kwa mamake Funyula, hii ni wiki ya tatu, tangu agundue kwamba ile kazi niliyokuwa nikiiendea kila asubuhi nilifutwa Desemba, na kwamba nilikuwa nikishinda Malaba nikicheza drafti na matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori. Mkwe alisema binti yake atarudi siku nitakapokuwa na kazi inayoonekana kwa macho. Hakuniambia mimi, bila shaka. Mimi na yeye hatuzungumzi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi. Kila mara anayeingia ni mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna wakala. Si wakala wa hapa mpakani anayekimbizana na karatasi za mizigo. Huyu ni programu ya akili bandia, hujibu na kutuma meseji kwa wenye mizigo: lori limefika wapi, limevuka au bado. Kabla hajaandika neno, lazima ajue mteja anaitwa nani, asalimiwe vipi, aandikiwe saa ngapi. Hayo yamo kwenye faili ndogo ya mipangilio, moja kwa kila mteja. Kifaa kinachoisoma faili hiyo na kumweleza wakala kinaitwa Chungulia. Vivian na wenzake wamekiunda wenyewe. Mimi naandika mwongozo wake kwa Kiswahili rahisi, uwe tayari Jumatatu ijayo.

Sentensi yangu ya kwanza: "Wakala ni mtu mwenye shati jeupe na karatasi kwapani." Vivian ameifuta. Anasema alinieleza mara mbili. Niliitikia mara zote mbili, hilo nakumbuka.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa kumi na moja kwa siku moja!

Siri ya kasi hii: sijakifungua Chungulia hata mara moja. Kifaa chenyewe ni dirisha jeusi unaloandikia amri, na dirisha jeusi hunitia kizunguzungu. Naangalia jina la amri, nakisia inafanya nini, naandika. Wengi wanaishi hivyo.

Tatizo ni Usman, meza ya pili. Yeye anaandika mwongozo wa Kiingereza. Alikuwa karani wa mizigo miaka sita na ametoka huko na tabia mbaya: haandiki mstari kabla ya kuujaribu. Ana kurasa nne. Tena amefunga Ramadhani, hali hanywi, na mimi nimekula chapati mbili na maharagwe mbele yake, nikijificha nyuma ya kompyuta. Alisikia nikitafuna, akaendelea kuandika.

Kwenye ukurasa wa saba palikuwa na swali: mstari ukiachwa wazi kwenye faili, Chungulia hufanya nini? Nikaandika, "Mstari ukiachwa wazi, Chungulia hunyamaza." Inasikika vizuri, nikaisoma kwa sauti. Usman akaacha maoni pembeni ya ukurasa: "Boss, hii umetest ama umeguess?" Nikamjibu nimejaribu mara tatu. Mara moja ingetosha. Sijui kwa nini mimi huongeza.

Alasiri nikafanya jambo la akili. Kila mfanyakazi ana folda yake, na ndani yake kuna folda za wateja wake. Mimi sina mteja bado, ila kwenye folda yangu kuna faili ya mipangilio iliyokaa bure, na faili za wafanyakazi hazikaguliwi majina wala chochote. Nikaijaza kwa ajili ya Trizah. Nambari ya simu: yake. Jina: mpenzi wangu. Salamu: umelalaje, mimi sikulala, nilikuwa nakuwaza. Saa: kumi na moja na nusu alfajiri. Wakala atakuwa akimwandikia mimi nikiwa usingizini. Sijui kwa nini wanaume wengine hawajalifikiria hili.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa jivu kwenye misa ya asubuhi na nimeamua Kwaresima hii niache uongo kabisa.

Trizah amejibu! Jibu liliingia nikiwa nakoroma. Ameuliza tangu lini mimi huamka saa hizo. Nikamwandikia kwamba tangu aondoke usingizi umenikataa. Kwaresima ina siku arobaini, bado nina nafasi ya kutosha.

Sasa mkwe. Yeye hununua omena, dagaa wa ziwani, kule Osieko, na magunia hupitia hapa Busia kuvuka Uganda. Trizah amewahi kuniambia mamake hupiga simu kumi kwa siku kuuliza mzigo uko wapi. Basi nimemwandikisha awe mteja wangu wa kwanza. Akiletewa habari za magunia yake bila kuuliza, kutoka ofisini kwangu, zikiwa na jina langu chini, hiyo si kazi inayoonekana kwa macho ni nini?

Nambari ya simu, nimejaza. Mzigo, nimejaza. Nikafika kwenye jina.

Jina lake lina herufi tisa. Linaanza na E. Zaidi ya hapo siandiki, hata humu ambamo hakuna anayesoma. Nilijaribu. Kidole kilifika juu ya E kikarudi mfukoni. Miaka minane ya ndoa sijawahi kulitamka, halafu leo nilichape kwenye kompyuta ya ofisi, na jivu usoni? Nikaandika "Mama Trizah". Ikakataa, rangi nyekundu. Jina la mteja sharti liwe la kitambulisho, kwa sababu ndilo lililo kwenye karatasi za mzigo. Ningemwomba Usman anichapie, lakini angetaka kujua kwa nini mtu mzima na ndevu zake anaogopa herufi tisa.

Nikaacha wazi. Salamu pia nikaacha, utamsalimuje mtu usiyesalimiana naye? Saa nikaacha kwa sababu ya kuchoka. Haidhuru. Mstari ukiachwa wazi, Chungulia hunyamaza. Nimelisoma hilo kwenye mwongozo. Mwongozo niliuandika mimi, na niliuamini.

Alhamisi, 6 Machi

Naona aibu kuandika. Naandika nikiwa nimegeukia ukuta.

Saa kumi na mbili asubuhi Trizah alipiga simu. Hakusema hujambo. Alisoma tu, polepole: "Habari ya asubuhi, mpenzi wangu. Umelalaje? Mimi sikulala, nilikuwa nakuwaza. Magunia yako sita ya omena yamefika Busia salama. Wako, Elungat."

Nikasema vizuri, umeipata. Akasema hiyo si ya kwake. Akasema ya kwake haina omena.

Mkwe alikuwa ameamkia Osieko, ufukweni, penye mizani. Miwani alikuwa ameisahau Funyula. Simu ilipolia akampa mwenzake Aluka amsomee, na Aluka ndiye anayeongoza kwaya ya parokia, sauti yake inafika mbali. Akasoma. Wanawake wote wa omena wakaacha kupima. Kisha wakamwomba arudie, maana kuna waliokuwa upande wa mashua hawakusikia vizuri.

Nilijifungia chooni hapa ofisini. Nikafunika uso kwa mikono, na humo chooni nilikuwa peke yangu.

Nikiwa humo nikapata wazo. Siwezi kumpigia mkwe simu. Siwezi kumtuma Trizah, amekata simu. Lakini wakala ni ofisi, na ofisi haina uhusiano na mtu. Nikamwandikia wakala maneno machache ya heshima ayafikishe: nisamehe kwa yaliyotokea alfajiri, naomba yabaki kati yetu. Nikatuma. Nikatoka chooni nimesimama wima.

Nilikuwa nimesahau kwamba wakala huanza na jina na salamu.

Saa nne Trizah alipiga tena. "Habari ya asubuhi, mpenzi wangu. Umelalaje? Mimi sikulala, nilikuwa nakuwaza. Nisamehe kwa yaliyotokea alfajiri. Naomba yabaki kati yetu. Wako, Elungat." Simu ilikuwa bado mikononi mwa Aluka.

Nimerudi chooni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka nikiwa na maelezo. Ni Usman. Nani mwingine anajua amri zote? Nani ananionea wivu kwa kurasa zangu kumi na moja? Kufika ofisini nikamweleza Vivian kwamba kuna mtu amechezea faili za mteja wangu, na kwamba sitaki kutaja majina, ila anakaa meza ya pili.

Vivian akamwita. Usman hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Alivuta kiti, akafungua lile dirisha jeusi kwenye skrini kubwa ya ukutani na kuandika neno moja, eleza. Kumbe Chungulia ukikiambia hivyo hukuonyesha kila neno limetoka wapi.

Jina: mpenzi wangu. Limetoka: folda ya Elungat.

Salamu: umelalaje, mimi sikulala, nilikuwa nakuwaza. Imetoka: folda ya Elungat.

Saa. Folda ya Elungat.

Ofisi nzima ilisoma. Fundi aliyekuja kurekebisha feni alisoma pia, akiwa juu ya ngazi.

Usman akafafanua. Mstari ukiwa wazi, Chungulia hakinyamazi. Hupanda folda ya juu yake, hutafuta mstari kama huo na kuchukua kilichopo. "Ni kama ukikosa chumvi kwako," akasema, "unaenda kuitisha kwa mama. Sasa mama alikuwa na hiyo yako." Vivian akafungua mwongozo wangu, ukurasa wa saba, akasoma kwa sauti: Chungulia hunyamaza. Hakuna aliyecheka. Usman akasema alikuwa ameuliza, na akaambiwa imejaribiwa mara tatu. Alilisema hilo akiangalia meza, taratibu, utadhani mwongo ni yeye.

Nikakiri. Sauti ilitoka ndogo mpaka Vivian akaniomba nirudie.

Amenipa hadi Jumatatu kusahihisha mwongozo, na ameniamuru niende Funyula kwa miguu yangu kumwomba mteja radhi. Amesema mteja ni mteja, hata akiwa mkwe. Faili ya mapenzi nimeifuta mbele yao.

Jioni, wakati wa kutoka, Usman aliniambia jambo moja. Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa zimemtia hofu, akadhani yeye ndiye mzito wa kuelewa, akawa anarudi ofisini baada ya kufuturu ili anifikie. Akafunga mkoba akaenda zake msikitini. Ya Osieko ilikuwa aibu ya mbali. Hii ilikuwa imesimama mbele yangu, na midomo mikavu.

Jumamosi, 8 Machi

Funyula. Nimekwenda na kitenge cha kuombea radhi na kompyuta ya ofisi.

Nilisimama nje, nyuma ya jiko, mgongo ukiwa umeelekea mlango, kama inavyotakiwa. Mkwe alikuwa ndani. Trizah akakaa kizingitini kupeleka maneno, ingawa kila mtu alikuwa akimsikia kila mtu. Mkwe akamwambia Trizah aniulize kama ni mzima. Nikamwambia Trizah amjibu kwamba ni mzima kidogo. Nikaomba msamaha, mrefu, wa kuandaa. Nilipofika kwenye sehemu ya heshima ya wazee wetu, mkwe alikohoa, nikanyamaza.

"Muambie hiyo mashini haina mkwe," akasema. "Jina yangu iko kwa kitambulisho. Aandike tu. Hawa watu wa Osieko sasa wananiita Mpenzi, hata wale wa kununua. Lakini omena ilifika mapema, na mimi sijapiga simu hata moja. Hiyo kazi nimeiona."

Nimeiona! Nilitaka kuruka, nikakumbuka mahali nilipo.

Trizah akachukua kompyuta mapajani na kuzichapa herufi tisa, bila kusita, akanirudishia. Nilifumba macho kwanza, kisha nikafunga kifuniko.

Akanisindikiza hadi stendi. Tukiwa njiani akaniuliza kama na ile ya kwake ilikuwa ya mashine. Nikaangalia viatu. Akaniambia ya Jumatano ilimkuta macho, kwa bahati. Alhamisi hakutaka kuikosa, akaamka kabla ya saa kumi na moja, akakaa kitandani na simu mkononi, akiwaza kwamba mtu aliyemdanganya tangu Desemba sasa anaamka gizani kumwambia neno moja la kweli. Ikaingia. Akaisoma mara mbili. Robo saa baadaye Aluka akampigia kumsomea maneno yale yale, na omena juu.

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Nilisimama pale stendi na makanga wananiitia magari, nikatamani nisingezaliwa na kichwa.

Amesema atarudi Jumatano. Sharti ni moja tu: kila alfajiri hadi siku hiyo nimwandikie kwa mkono wangu, nikiwa macho. Maneno mawili yanatosha, hata yakikosewa. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Niliandika, "Trizah, nimeamka. Kuna baridi." Nilitafuta neno zuri zaidi, sikulipata.

Akajibu, "Asante."

Nimeisoma zaidi ya mara mbili. Kisha nikaenda misa nikasinzia wakati wa mahubiri, na dada mmoja akanigusa bega wakati wa sadaka.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimechelewa kidogo. Niliandika saa mbili, nikisingizia mtandao. Trizah amejibu kwa alama ya kuuliza, peke yake. Sitaki kuiona tena alama hiyo.

Vingine vyote vimeenda vizuri ajabu. Nimesahihisha ukurasa wa saba: "Usiache mstari wazi ukidhani Chungulia kitanyamaza. Kitapanda folda ya juu, kichukue kilichopo huko, na kumpa wakala kama chako." Vivian amesema hiyo ndiyo sentensi iliyo wazi kuliko zote kwenye mwongozo. Usman ameomba aitafsiri aiweke kwenye wake. "Hiyo sasa imekaa, boss," akasema, akanipa mkono. Nilikaribia kulia. Nimeichapa karatasini nikaibandika ukutani juu ya meza yangu.

Vivian ameniongezea imani. Kuna madereva arobaini wa matrela, wamekwama kwenye foleni ya Malaba. Wote wameingizwa kwenye folda yangu. Kuanzia kesho wakala atawaambia foleni imesogea wapi. Wa kwanza kwenye orodha ni Emojong, mzee wa mabega mapana, yule aliyemshika karani ukosi mwezi jana kwa kumwita kijana. Kila dereva ana majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nimejaza nambari zote za simu na mkono umekufa ganzi. Jina, salamu na saa nimeacha wazi. Nitajaza kesho nikipata chai. Hakuna hatari: kosa la wiki iliyopita lilikuwa jina la mkwe, na hilo Trizah amelichapa mwenyewe. Hawa ni madereva. Hakuna hata mmoja niliyemwolea binti.

Limebaki la alfajiri. Macho yangu yamevimba, na nikichelewa tena Jumatano haitafika. Kwa hiyo, kwa kesho tu, nimeirudisha ile faili kwenye folda yangu. Mpenzi wangu. Umelalaje, mimi sikulala, nilikuwa nakuwaza. Saa kumi na moja na nusu. Siku moja si uongo, ni kupumzika. Jumanne usiku nitaifuta, na Jumatano nitaandika mwenyewe, kwa mkono, hata ukurasa mzima.

Wakati nikitoka Usman aliniuliza kama nimezikagua faili za madereva. Nikamwambia nimezikagua mara tatu.